Nasomea mifugo lakini naogopa ng'ombe, nihame kozi?

"Shikamoo daktari. Niko mwaka wa pili chuoni nasomea uzalishaji wa mifugo. Nimekulia nyumba za kupanga, hatukuwahi kufuga hata kuku. Darasani sina shida, anatomia na lishe napata alama za juu, ila tulivyoenda fildi wiki ya kwanza tu ng'ombe alinipiga teke la paja nikiwa najaribu kumkamua, maziwa yakamwagika yote na vijana wa bandani wakacheka. Tangu hapo nikisogelea ng'ombe mikono inatetemeka, na nahisi wananusa uoga wangu maana kwa wenzangu wanatulia. Wenzangu wengi wamezaliwa na mifugo, wao ndo wanafanya kila kitu, mi nimebaki na daftari naandika. Video nimeangalia nyingi mno ila nikifika bandani zote zinafutika. Muhula ujao tuna wiki nane za mafunzo kwa vitendo na mwisho kuna mtihani wa kupima mimba kwa mkono. Mtu kama mimi anaweza kujifunza kweli au nihamie mambo ya maabara mapema? Na nifanyeje hizo wiki nane zisipotee?"

Marahaba mdogo wangu, na pole sana kwa hilo teke. Nianze na paja kabla ya masomo. Kama mpaka leo limevimba, linauma ukikanyaga au kuna sehemu imekufa ganzi, nenda kaonwe hospitali, usingojee lipoe lenyewe. Teke la ng'ombe mkubwa linaweza kuumiza msuli kwa ndani huku juu ya ngozi unaona mkwaruzo tu.

Sasa tuje kwenye swali lako. Nikilisoma vizuri naona umeuliza vitu vitatu kwa pamoja, uoga, kuachwa nyuma na wenzako, na wiki nane ambazo hujui uzitumieje, na umevifunga vyote kwenye swali moja la kuhama kozi. Tuvifungue kimoja kimoja, manake mi naamini tatizo lako kubwa sio uoga. Hakuna mtu aliyekufundisha kumsoma mnyama kabla hujamshika. Umepewa ndoo ukaambiwa kamua.

Turudi kwenye lile teke lenyewe maana ndani yake kuna somo zima. Ng'ombe macho yake yako pembeni ya kichwa, anaona karibu duara nzima kumzunguka, zaidi ya nyuzi 300, ila nyuma yake kabisa haoni, na mbele karibu na pua napo kuna kipande kidogo hakioni. Ni mnyama wa kuliwa na wanyama wengine, akili yake imejengwa hivyo tangu mwanzo, kitu kikitokea sehemu asiyoiona na kikamgusa ghafla mguu unaruka kabla hajafikiria. Sasa wewe naomba ukumbuke, ulitokea upande gani? Ulimsemesha kwanza? Mkono wako wa kwanza uligusa wapi? Wanafunzi wengi ninaowaona wanainama moja kwa moja kwenye chuchu, mkono wa baridi, bila mnyama kujua kuna mtu. Anayejua kazi anaanzia begani, anaweka kiganja, anateleza nacho mgongoni, kiunoni, anashuka pajani mpaka kwenye kiwele bila kuunyanyua mkono, yaani ng'ombe anakuwa anajua muda wote uko wapi.

Alafu kuna umbali. Ng'ombe hapigi teke kama farasi anayerusha nyuma moja kwa moja, mguu wake unakuja mbele kidogo, unazunguka pembeni ndo unaenda nyuma, kwa hiyo ubavuni kwake hauko salama kama wengi wanavyodhani. Sehemu mbaya kuliko zote ni ile ya katikati, yaani hatua moja kutoka kwake, hapo mguu umepata nafasi ya kuchota nguvu na ndipo anaposimama mtu mwenye wasiwasi, amesogea kidogo ila hajasogea kabisa. Ukifanya kazi kaa karibu naye mwili kwa mwili, bega lako limegusa ubavu wake, utamsikia msuli ukikaza kabla mguu haujanyanyuka. Kama huna kazi naye toka nje kabisa ya mguu unapofika.

Na kuna jambo la tatu ambalo watu wanalisahau, inawezekana alikuwa anaumwa. Chuchu yenye kidonda au kiwele chenye uvimbe kikiguswa kinauma, na ng'ombe hana njia nyingine ya kusema zaidi ya hiyo. Mi nilipokuwa nafundisha bandani kulikuwa na jike mmoja aliyekuwa na sifa ya ukali, kila mkamuaji anamfunga miguu, siku moja mwanafunzi mmoja akaomba ampime maziwa na robo moja ya nyuma ya kiwele ikatoa ute mzito kwenye kipimo. Alipotibiwa akatulia.

Hicho kipimo ndo ningependa uanze nacho, kwa sababu wewe unapenda maabara na hiki ni maabara inayofanyika chini ya ng'ombe. Kinaitwa kipimo cha California, kipo tangu 1957, ni kisahani chenye vikombe vinne, kila robo ya kiwele na kikombe chake. Unatupa mikamuo ya kwanza, unakamua kidogo kwenye kila kikombe, unaweka dawa yenye sabuni maalumu kiasi sawa na maziwa, unazungusha taratibu. Ile sabuni inapasua seli za kinga zilizomo kwenye maziwa, vinasaba (DNA) vya ndani ya seli vinatoka na kushikana, maziwa yanakuwa kama ute, na kadiri ute unavyokuwa mzito ndivyo seli zilivyo nyingi, yaani kiwele kinapambana na maambukizi. Robo yenye afya kwa kawaida ina seli chini ya 200,000 kwa mililita. Unaona hapo umeshagusa chuchu nne za ng'ombe aliye hai, umesoma jibu, na una kitu cha kumwambia mwenye banda ambacho hakukijua.

Kuhusu kunusa uoga. Hata kama harufu ina mchango wake, hiyo huwezi kuibadilisha, ila mwendo unaweza. Mtu mwenye hofu anasimama wima kama mti, anamkodolea ng'ombe macho, anapeleka mkono anaurudisha, anapeleka tena anaurudisha, na kwa mnyama huyo ni kiumbe anayevizia. Mwenzako aliyezoea anatembea kwa kuzunguka kidogo, anaongea ongea, mkono ukishagusa unabaki hapo. Ng'ombe anasoma hivyo vitu. Kwa hiyo mikono ikitetemeka we acha itetemeke, ila iweke kwenye mwili wa ng'ombe na uiache pale, mtetemeko mdogo wa kiganja kilichotulia haumsumbui kama mkono unaokuja na kukimbia.

Na hofu ya ng'ombe inaharibu hata kazi yenyewe. Maziwa mengi yako juu ndani ya kiwele kwenye vifuko vidogo vidogo, hayashuki kwa kuvutwa tu. Ukisafisha na kusugua chuchu ubongo unatoa homoni ya oksitosini, inasafiri kwenye damu, na baada ya kama sekunde 60 mpaka 90 ile misuli midogo inayozunguka vifuko inaminya na maziwa yanashuka. Ng'ombe akishtuka anatoa adrenalini, homoni ya mshtuko, na hiyo inazuia kazi ya oksitosini, utavuta mpaka vidole viume na hupati kitu, wakati yeye ana lita kadhaa ndani. Kwa hiyo ukisikia mtu bandani anasema ng'ombe lazima apigiwe kelele ndo ajue bosi ni nani, jua anapoteza maziwa. Masikio yao yanasikia hata sauti nyembamba za juu ambazo sisi hatuzisikii, kelele inawaumiza zaidi ya tunavyofikiria.

Temple Grandin, mwanasayansi wa Marekani, alikuwa anaingia mwenyewe kwenye vichochoro vya kupitishia ng'ombe ili aone wanachokiona wao, na akakuta wanagoma kwa vitu ambavyo sisi hata hatuvioni, kivuli sakafuni, mnyororo unaoning'inia, koti lililotundikwa kwenye uzio. Nataka na wewe ufanye hivyo siku mbili za kwanza za fildi, usiguse mnyama yeyote wa kwato. Simama nje ya uzio, sogea taratibu mpaka ng'ombe ageuze kichwa, hapo amekuona, sogea tena mpaka apige hatua, hapo umegusa mpaka wake. Rudi nyuma, atasimama. Alafu jaribu hivi, ukiwa pembeni yake kwenye ukingo wa huo mpaka, tembea kutoka kichwani kwake kuelekea mkiani, ukipita usawa wa bega ataenda mbele. Ukikaa mbele ya bega atasimama au atarudi nyuma. Ukishaona mnyama mwenye kilo mia tano anatembea na kusimama kwa sababu wewe umesogea hatua moja, bila fimbo na bila kelele, kuna kitu kinabadilika kifuani, mi nimeona kwa wanafunzi wengi na sijaona njia nyingine inayofanya kazi haraka hivyo.

Sasa hao wenzako. Ni kweli wana faida, wanajua ng'ombe aliyekasirika kwa kuangalia masikio na mkia, na hilo jifunze kwao, waulize waziwazi, watu wanapenda kuulizwa wanachokijua. Ila kukulia zizini sio sawa na kujua ufugaji. Wengi wanakuja na mazoea ambayo tunapata shida kuyang'oa, kupinda mkia, kuchoma sindano bila kujali msuli gani, kukisia uzito kwa macho. Hilo la mwisho linanigusa sana kwa sababu ukikisia chini unatoa dawa ya minyoo pungufu, minyoo dhaifu inakufa na ile sugu inabaki kuzaliana, baada ya muda dawa haifanyi kazi kwa kundi zima. Beba utepe wa fundi cherehani mfukoni. Pima mzunguko wa kifua nyuma tu ya miguu ya mbele kwa sentimita, zidisha kwa wenyewe, zidisha kwa urefu wa mwili kutoka ncha ya bega mpaka mfupa wa makalio, gawanya kwa 10,838, unapata kilo kwa makadirio yanayotosha kutolea dawa. Jike mwenye kifua cha 170 na urefu wa 140 anatoka kama kilo 373. Waache wakisie kwa macho alafu wewe pima, mtajadiliana vizuri sana hapo.

Na daftari lako usilione kama adhabu, ila ubadilishe unachoandika. Achana na kuandika alichosema msimamizi, andika ulichokiona wewe kwa mnyama. Kila asubuhi chagua ng'ombe watano, joto la mwili, pumzi kwa dakika akiwa ametulia, tumbo kubwa la kwanza upande wa kushoto linajikunja mara ngapi, kinyesi kikoje, unene wake kwa alama 1 mpaka 5. Joto la ng'ombe mzima linachezea nyuzi 38 mpaka 39.3, na lile tumbo ukikandamiza ngumi kwenye lile bonde nyuma ya mbavu za mwisho kushoto utalisikia likinyanyua mkono wako mara moja au mbili kwa dakika. Watano kila siku kwa wiki nane ni zaidi ya mara 250 umeshika ng'ombe mzima mwenye afya. Watu wanadhani mafunzo kwa vitendo ni kufanya operesheni, kumbe daktari mzuri ni yule ambaye hali ya kawaida imekaa vidoleni mwake mpaka isiyo ya kawaida inamkwaruza yenyewe akipita tu.

Kama ng'ombe mkubwa bado ni mlima, anza na ndama na mbuzi, hakuna aibu hapo na wala sio njia ya mkato. Ndama anazaliwa karibu hana kinga yoyote maana kondo la ng'ombe halipitishi kinga za mama, kila kitu kinategemea dang'a, yaani maziwa ya kwanza ya mama, lita tatu mpaka nne mapema kabisa baada ya kuzaliwa, na utumbo wake unaacha kupokea hizo kinga ndani ya kama saa 24. Omba usimamie hiyo kazi, ni ya usiku, ni ya matope, wengi wanaikwepa, na ndo inayookoa uhai kuliko sindano yoyote. Kwa mbuzi na kondoo jifunze kufunua kope la chini na kulinganisha rangi na kadi ya FAMACHA iliyotengenezwa Afrika Kusini, nyekundu alama 1 mpaka nyeupe alama 5, unajua nani ananyonywa damu na minyoo ya tumboni na nani umwache bila dawa. Mbuzi thelathini kwa asubuhi moja na mikono yako imeshasahau kuogopa manyoya.

Video kufutika ni kawaida kabisa, macho ndo yamejifunza, mkono haujajifunza. Kwa hiyo upe mkono mazoezi kabla ya muhula. Jaza maji kwenye glovu ya mpira, toboa ncha za vidole, bana juu kwa kidole gumba na cha shahada alafu minya kwa vidole vingine kushuka chini, ukiona maji yanarudi juu badala ya kutoka ujue hujabana. Kamba nayo fanyia mazoezi kwenye mguu wa meza, fundo linalofunguka kwa kuvuta mara moja, kwa sababu ng'ombe akianguka amefungwa fundo gumu atajinyonga mbele yako. Na usizungushie kamba mkononi mwako kamwe.

Mtihani wa mimba. Hapa naomba unisikilize vizuri kwa sababu ni mwili wa mnyama mwingine unajifunzia. Usisubiri siku ya ng'ombe hai. Mwombe lekchara wako apange mpate vizazi kutoka machinjioni, vya wasio na mimba na vyenye mimba, weka ndani ya mfuko au boksi ambalo huoni ndani na upapase kwa mkono mmoja ukiwa umefumba macho. Shingo ya kizazi ni ngumu, ina mikunjo, utaijua, ndo nanga yako, kutoka hapo unafuata pembe mbili za kizazi. Kwa ng'ombe hai mkono unaingia kwa njia ya haja kubwa na unapapasa kizazi kupitia ukuta wa utumbo, kwa hiyo kucha fupi, pete toa, kilainishi kingi, ukisikia utumbo umekaza mkono simama usishindane nao, ngoja ulegee. Zile dalili za uhakika ziko nne tu, kuteleza kwa utando kati ya vidole, kifuko cha maji kinachozunguka mtoto, vifundo vya kondo, na ndama mwenyewe, vingine vyote ni vya kushuku tu. Usikimbilie mimba changa, hata walio na uzoefu wanaanza kuwa na uhakika kuanzia kama siku 35 na mwanafunzi ni salama zaidi na mimba za miezi mitatu au minne. Ukiona damu kwenye glovu toa mkono na huyo ng'ombe asiguswe tena na mwanafunzi mwingine siku hiyo. Na kama darasa zima mmepangiwa ng'ombe mmoja kataeni kwa heshima, mwambieni msimamizi, hiyo ni haki ya ng'ombe na nyinyi wenyewe hamtajifunza kitu kwa jike aliyevimba.

Wapi pa kwenda hizo wiki nane? Shamba kubwa lina kumbukumbu, krashi nzuri (kibanio cha kumzuia ng'ombe asimame), wanyama wengi, ila unaweza kugeuzwa kibarua wa kufagia na ukakaa mwezi mzima kwenye kitengo kimoja. Mfugaji mdogo anakupa kila kitu, kuanzia kukata majani mpaka kuzalisha, na utaona pesa yake inavyopungua ndama akifa, lakini hana vifaa na wakati mwingine anafanya kitu kwa namna ambayo hutakiwi kuiga. Kwa hali yako mi ningechagua shamba la kati lenye mtu mmoja mtulivu wa kukusimamia, hata kama halina jina. Ukifika muulize, naruhusiwa kushika nini wiki ya kwanza, wiki ya nne, wiki ya nane? Akishindwa kujibu omba chuo kikubadilishie mapema.

Kuna vitu sitaki ujitie ushujaa. Dume usiingie naye hata kama anasemekana mpole, na jike aliyezaa jana usimwendee ndama wake ukiwa peke yako. Kondo, maji ya uzazi na mimba iliyotupwa visishikwe mikono mitupu, homa ya kutupa mimba inaingia kwa njia hiyo, na kama wewe au mwenzako ni mjamzito msikaribie kabisa uzazi wa kondoo na mbuzi. Mnyama aliyekufa ghafla anatoka damu puani na mkundu asipasuliwe, inaweza kuwa kimeta, piga simu kwa mamlaka ya mifugo. Chanjo ya pepopunda hakikisha iko sawa kabla hujaondoka. Ukichomwa na sindano yenye chanjo ya mifugo, ukipigwa teke la tumbo, kifua au kichwa, nenda hospitali siku hiyo hiyo hata kama unajisikia vizuri. Ukiumwa na mnyama au mate yake yakagusa kidonda, osha kwa maji yanayotiririka na sabuni dakika 15 alafu hospitali, inaweza kuwa kichaa cha mbwa, usisubiri kuona kama mnyama atakufa. Na homa inayokuja na kuondoka wiki kadhaa baada ya fildi, mwambie daktari unafanya kazi na mifugo, asipojua hilo atatafuta malaria tu.

Kuhusu kuhama kozi, usiamue sasa hivi ukiwa na maumivu ya teke moja na kicheko cha watu. Maabara sio sehemu ya kukimbilia, ni kazi nzito inayotaka watu wanaoipenda, na hata mtaalamu wa vyakula vya mifugo asiyewahi kuona kihori kilichobakiwa na pumba saa nne asubuhi ataandika mchanganyiko ambao ng'ombe hawali. Fanya wiki sita kwa mpangilio niliokupa alafu jiulize, mikono inatetemeka chini ya mwanzo? Nikiwa sipo bandani nawaza yule ndama anaendeleaje? Kama jibu ni ndiyo hata kwa moja, baki. Kama kila asubuhi bado unatapika au hulali kwa kuwaza banda, hiyo imeshapita kwenye uoga wa kawaida wa kujifunza, nenda kwa mshauri wa wanafunzi hapo chuoni umweleze ana kwa ana, na nenda na hilo daftari, aone siku gani ulitetemeka na siku gani hukutetemeka.